Nilikwenda Gwarama kutafuta nasaba, nikarudi na deni la babu

Kazi ya katibu wa kamati ya msikiti ni kuandika. Huandika mihutasari ya vikao, hesabu ya kisanduku cha Ijumaa, majina ya wanaooa na majina ya wanaozikwa. Kwa miaka sita niliyoifanya kazi hiyo hapa Tanga nimeliandika jina la marehemu babu yangu mzaa baba mara nyingi, kwa kuwa wajukuu zake ni wengi na kila anayeoa hutajwa kwa baba yake na babu yake. Kila mara niliandika "bin Abdallah" bila ya kusita. Mwaka jana, katika nikaha ya mdogo wangu wa kike, mzee mmoja aliyekuwa shahidi aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini: "Katibu, huyo Abdallah ni nani?"

Sikuwa na jibu. Baba yangu naye, nilipomuuliza usiku ule, alinyamaza kitambo kisha akasema: "Mwanangu, Abdallah hayupo."

Ndugu msomaji, bila shaka unazo familia mtaani kwako zenye Abdallah wa namna hii. Mtu anaposilimu akiwa ugenini, mbali na wazazi, wale wanaomsilimisha humpa jina jipya, na panapohitajika jina la baba huandika Abdallah, kwa maana ya kwamba kila mtu ni mja wa Mwenyezi Mungu. Nia ni njema. Lakini kizazi cha pili huanza kuamini kwamba Abdallah alikuwa mtu mwenye miguu miwili, na kizazi cha tatu humsomea hitima. Masahaba hawakufanya hivyo. Umar aliendelea kuitwa bin al-Khattab, na Khalid akaitwa bin al-Walid, ilhali baba zao hawakufa katika Uislamu. Zayd aliyelelewa na Mtume (s.a.w.) alirejeshwa kwenye jina la baba yake Haritha baada ya kuteremka aya ya tano ya Sura Al-Ahzab. Haya niliyasoma chuoni nikayajibia mtihani nikafaulu, wala halikunijia wazo kwamba yananihusu.

Alichokuwa nacho baba ni bahasha ya khaki. Ndani yake mlikuwa na cheti cha ndoa cha mwaka 1955, picha moja iliyofifia, na kadi ya kazi ya shamba la mkonge, imekunjika hata mikunjo imekuwa matundu. Kwenye kadi mliandikwa: jina, Minani, kabila, Muha, wilaya, Kibondo, mahali, Gwarama. Hayo tu. Babu alifariki mwaka 1984, kabla sijazaliwa, akazikwa Muheza. Mtaani walimwita Mzee Muha. Watoto wake walipomuuliza habari za kwao alikuwa akisema, "Ni mbali," kisha akaendelea na kazi iliyokuwa mkononi mwake.

Kuwa Muha katika mashamba ya Tanga halikuwa jambo la ajabu. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo nchi ya Uha ikawa miongoni mwa mahali ambapo mashamba ya mkonge yalikwenda kutafuta nguvu za vijana. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kiliunda ofisi ya kuandikisha vibarua iliyojulikana kwa jina la SILABU, nayo ikawachukua maelfu ya watu kutoka Kigoma na mikoa mingine. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na namba ndiyo iliyoitwa asubuhi. Kutoka Kigoma walipanda treni, lakini haikuweza kuwafikisha Tanga moja kwa moja, maana reli ya kati na reli ya Tanga hazikuunganishwa hadi mwaka 1963. Kwa hiyo sehemu ya safari ilikuwa ya malori. Wapo waliomaliza mkataba wakarejea kwao na blanketi na baiskeli. Wapo waliobaki, wakaoa, wakasilimu, wakawa babu zetu.

Sitaficha kwamba katika familia yetu si kila mtu aliyeitaka safari hii kwa ajili ya nasaba. Baba yangu mdogo mmoja alichangia nauli kwa moyo mkunjufu, kisha akaniita pembeni: "Ukifika huko, angalia na suala la shamba. Mzee hakuondoka bila ya kitu. Huko ardhi ni kubwa." Niliitikia kwa kichwa. Nakiri kwamba ndani ya basi, kati ya Singida na Nzega, nami nilianza kupiga hesabu za ekari.

Basi lilipita Kahama na Nyakanazi, likaingia mkoa wa Kigoma kwa upande wa kaskazini, nami nikashuka Kakonko. Hapo palikuwa ni Kibondo ya zamani. Kakonko imekuwa wilaya inayojitegemea tangu mwaka 2012, na Gwarama leo ni kata ndani yake. Anayetafuta nasaba kwa kutumia karatasi za zamani alizingatie hilo, kwa sababu wilaya iliyoandikwa kwenye kadi ya babu yake huenda siyo ataikuta leo. Nililala mjini, nikasali Alfajiri kwa jamaa, kisha nikachukua bodaboda. Ilikuwa katikati ya Shawwal na mvua za masika zilikuwa hazijakata. Nchi ile ni ya vilima virefu vyenye nyasi, mabonde yenye maji, na migomba iliyozunguka nyumba hata nyumba yenyewe usiione mpaka uifikie. Mtoto wa pwani husikia baridi.

Jambo moja nililishukuru ni barua ya utambulisho niliyopewa na serikali ya mtaa wetu. Eneo lile liko jirani na Burundi, Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu mno, na kwa miaka mingi wilaya za Kibondo, Kasulu na Kakonko zimepokea wakimbizi katika kambi za Nduta, Nyarugusu na Mtendeli. Mgeni asiyejua lugha, anayeuliza ukoo wa watu na mipaka ya mashamba yao, ana haki ya kutiliwa shaka. Mwenyekiti wa kitongoji aliisoma barua yangu mara mbili, akaniangalia usoni, akaisoma tena. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Huyo Minani, ni Minani wa nani? Hapa kila nyumba ina Minani."

Ndipo nikafahamishwa jambo ambalo familia yetu haikulijua kwa miaka sabini. Minani si jina analochagua mzazi kwa kupenda. Ni jina la mtoto wa nane wa mama yake. Wa saba huitwa Nyandwi, wa tisa Nyabenda, na mapacha ni Bukuru na Butoyi. Mswahili akitega sikio ataisikia nane ndani ya Minani. Baba yangu alitamka jina lile maisha yake yote na hakupata kujua kwamba ni hesabu: kwamba babu alikuwa na ndugu saba mbele yake, na kwamba huenda wapo waliomfuata.

"Kwa hiyo," akasema mwenyekiti, "tutafute nyumba yenye Nyandwi aliyeachwa na Minani akaenda mkonge. Vijana hawatajua. Tuulize wazee."

Tuliuliza siku mbili. Ugumu haukuwa uchache wa watu bali ni kwamba watu wale walihamishwa zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya wakazi wa sehemu nyingi za Uha katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Kila mara waliacha nyuma migomba na makaburi. Kwa hiyo "Gwarama" ya kwenye kadi ya babu inaweza kuwa ni eneo lote, na nyumba aliyozaliwa isiwe tena katika kijiji chochote. Mzee mmoja alinionesha kwa fimbo kilima cha ng'ambo ya bonde: "Pale palikuwa na watu wengi kuliko hapa." Niliona nyasi tu, na mti mmoja mkubwa.

Siku ya tatu tulimpata. Alikuwa ni mwanamume wa umri wa baba yangu, amekaa kwenye kigoda akichambua maharage. Mwenyekiti akaeleza kwa Kiha, na mimi nikatoa ile picha. Aliishika kwa mikono miwili. Hakumfahamu aliyemo, kwa kuwa alizaliwa baada ya babu kuondoka, lakini aliita ndani, akatoka kijana, akaambiwa asimame kando ya picha. Sikuhitaji kutafsiriwa. Paji la uso lilikuwa ni lilelile la baba yangu.

Yule mzee ni mtoto wa Nyandwi. Kwa hesabu ya nasaba ni baba yangu mkubwa, na tangu saa ile nikamwamkia hivyo. Alinishika mkono, akanikalisha, akaagiza maji. Kisha, kabla ya jambo lolote, akauliza kwa Kiswahili kizuri kabisa: "Mwanangu, umekuja kwa ajili ya shamba?"

Ewe msomaji, nilitahayari. Niliikumbuka Singida, na ekari zangu.

Nilimjibu kwamba nimekuja kumtafuta baba wa babu yangu, jina lake tu. Alinitazama kwa muda. Akasema shamba lipo. Sehemu ya Minani walikuwa wakiitaja hivyo, "kwa Minani", hata walipohamishwa, na waliporudia kulima ng'ambo ile hawakuigawa. Wanailima kwa zamu, lakini haina mwenyewe. Walikuwa wakimngoja.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilijiuliza maswali ya chuoni, safari hii yakiwa na majina na migomba. Jamhuri ya wanavyuoni wameshika hadithi ya Usama bin Zayd kwamba Mwislamu hamrithi asiyekuwa Mwislamu wala huyo hamrithi Mwislamu. Basi lipi lilitangulia: kufa kwa baba yake babu, au kusilimu kwa babu? Ikiwa mzee alikufa mwanzo, sehemu ile ilishakuwa mali ya babu, na sisi tuna haki yake. Ikiwa babu alisilimu mwanzo, hatuna. Ekari za baba mdogo zilikuwa zikining'inia kwenye tarehe moja, na mtu pekee aliye hai aliyeweza kuijua, nilivyoambiwa asubuhi yake, ni Nyabenda, mtoto wa tisa, mdogo wake babu, aliyeolewa upande wa Kasulu.

Kabla ya kuondoka walinichinjia mbuzi. Au niseme nilimchinja mimi. Wao ni Wakristo, na baba mkubwa, bila ya kuambiwa na mtu, alinikabidhi kisu na kusema: "Wewe ndiye mwenye masharti, shika." Akanitengea mkeka mpya katika chumba cha mbele kwa ajili ya sala, na akawanyamazisha watoto. Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba jamaa asiyekuwa Mwislamu amekwishatoka katika udugu. Asmaa binti Abu Bakr (r.a.) alijiwa Madina na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge, naye akamruhusu. Udugu wa tumbo unabaki na haki zake, hata pale mirathi inapokatika.

Tulikwenda Kasulu mimi na yule kijana mwenye paji la uso la baba. Bibi Nyabenda amepindukia miaka tisini. Haoni vizuri, lakini akili yake ni timamu na sauti yake ina nguvu. Katika usichana wake alimuona Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyetawala wanaume, na habari hiyo aliisimulia kwanza, kwa kirefu, kabla ya kunikubalia chochote ninachokitaka. Mjukuu wake alitafsiri. Nilipomwamkia, aliushika uso wangu akaupapasa, akasema jambo ambalo kijana yule hakulitafsiri mara moja.

"Anasema nini?"

"Anauliza nani alimzika."

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba alioshwa na watu wake, akasaliwa na watu wengi, akalazwa katika makaburi ya Waislamu Muheza, na kwamba kaburi lake lina alama na baba huenda kulizuru. Aliuliza kama alikuwa akila vizuri. Aliuliza kama mkewe alikuwa mkali. Kwa swali hilo nilimjibu kweli, akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akasimulia. Babu hakuondoka kwa kupenda ulimwengu. Ilikuwa ni kodi ya kichwa. Karani na askari walikuja, Minani hakuwa na pesa, na adhabu ilikuwa ni kufungwa. Kaka yake Nyandwi alikuwa na mbuzi wawili aliowaweka kwa ajili ya mahari yake mwenyewe. Akawauza, akamlipia mdogo wake kodi. Minani akaapa mbele ya mama yao kwamba ataenda mkonge mkataba mmoja, na atarudi na mbuzi wale. Nyandwi alikaa miaka mitatu zaidi bila ya mke. Mwaka wa pili uliletwa ujumbe kwa mdomo wa mtu aliyerejea kutoka Tanga, kwamba Minani ni mzima. Baada ya hapo hapakuwa na habari. Baba yao alifariki wakati wa mavuno, bibi akiwa tayari ana mtoto wa kwanza mgongoni, na mtoto huyo alizaliwa, kwa cheti chake cha ubatizo, mwaka 1956.

Basi jibu likapatikana. Babu alikwishasilimu, nikaha yake ni ya 1955. Sehemu ile si mirathi yetu kisheria ya dini, na kwa sheria ya nchi pia ni wao wanaoishika na kuilima kwa mila zao, kwa miaka yote hii. Wakitupa kwa hiari yao itakuwa ni hiba, na hiba haidaiwi. Lakini mbuzi wawili ni kitu kingine. Hilo ni deni.

Kila aliyesoma mirathi anajua kwamba deni la maiti hutangulia wasia na hutangulia mgawanyo. Sisi tulipogawana nyumba ya babu ya Muheza mwaka 1985, hakuna aliyejua, na Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe. Sasa tunajua. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipojitwisha deni lile. Nilitoka nje ya nyumba ya bibi, nikampigia baba simu. Nilimpa kwanza jina la babu yake. Aliniomba nilirudie, kisha akalirudia mwenyewe polepole, kama mtoto anayeanza juzuu. Tumeliandika katika daftari la familia, na katika vitabu vya msikiti nimeanza kulitumia, Abdallah amepumzika. Kisha nikamweleza habari ya mbuzi.

Alikaa kimya hata nikadhani mtandao umekatika. Akasema: "Mpe bibi simu."

Hawakuwa na lugha ya pamoja isipokuwa salamu. Bibi alisema "Mwakeye," baba akasema "Shikamoo shangazi," na baada ya hapo bibi akaanza kutaja majina ya ndugu zake, wa kwanza mpaka wa tisa, kwa mpango, na baba upande wa pili akawa anaandika. Kwa jina la nane alisimama kidogo.

Niliporudi Gwarama kuaga, nilimkabidhi baba mkubwa fedha za mbuzi wawili alizozituma baba kwa simu. Alizihesabu, akazirudisha kwenye kiganja changu. Alisema kusamehe wamekwishasamehe tangu zamani, na kwamba mama yake alikuwa akiitaja habari ile kwa kicheko. Nilimwambia msamaha wa mrithi unakubalika katika dini yetu na deni linaondoka, lakini baba yangu moyo wake haujatulia. Akafikiri. "Basi asitume pesa," akasema. "Minani alisema atarudi na mbuzi. Na mtoto wa Minani aje na mbuzi."

Baba mdogo wa Tanga nimempa taarifa yote, pamoja na hukumu yake na dalili zake. Hakufurahi. Alisema wanavyuoni wamehitilafiana katika mengi, na huenda na hili; nikamjibu kwamba akapate fatwa kwa anayemwamini. Juzi kanipigia akauliza nauli ya kwenda Kakonko ni kiasi gani.

Baba ana miaka sitini na minane na ana shinikizo la damu, lakini daktari amemruhusu kusafiri iwapo atapumzika njiani. Tutalala Singida, na tena Kahama. Tunakusudia kuondoka mara baada ya Idd, inshaallah, kwa kuwa bibi Nyabenda hana miaka mingi ya kusubiri na ameshasubiri mingi. Mbuzi tutawanunua hukohuko.